Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu udoni, supu nyepesi ya tambi kutoka Japani

Niliishi Takamatsu, mji mkuu wa mkoa wa Kagawa, kwa miaka mitatu ya masomo. Tangu nirudi Dar es Salaam, haipiti wiki bila udoni kupikwa nyumbani kwangu. Wanaoonja huuliza maswali yanayofanana, na wengine hunitumia ujumbe wakiwa tayari jikoni, sufuria imeshabandikwa. Nimeyakusanya hapa. Panapohusu afya nimeweka takwimu, lakini mimi ni mpishi wa nyumbani, si daktari. Mwenye maradhi aanze kwa kusikiliza kliniki yake.

Udoni ni nini hasa?

Ni tambi nene, nyeupe, za unga wa ngano, maji na chumvi. Basi. Hazina yai wala mafuta, na hazitiwi magadi kama zinavyotiwa tambi za rameni, ndiyo maana hazina ule umanjano. Kwa viwango vya Japani, tambi kavu za mashine zenye kipenyo cha milimita 1.7 na kuendelea huitwa udoni. Zile nyembamba kabisa, chini ya milimita 1.3, ni someni.

Udoni huliwa kwa namna nyingi, lakini ninayoizungumzia hapa ni kake udoni: tambi za moto ndani ya mchuzi mwangavu, juu majani ya vitunguu yaliyokatwakatwa, pengine na tangawizi ya kukuna. Wale wa pwani waliozoea tambi za sukari na iliki wakati wa Ramadhani wajiandae, maana hapa hakuna utamu wa sukari.

Mchuzi wenyewe unaonekana kama maji. Una ladha kweli?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu na mimi nililiuliza siku ya kwanza. Bakuli lililetwa mbele yangu, mchuzi una rangi ya chai ya mchaichai, na nikaweza kuona ua lililochorwa kwenye kitako cha bakuli. Nikadhani wamesahau kuweka viungo. Nilipopiga funda moja nikanyamaza.

Siri yake inaitwa dashi, yaani maji yaliyolowekewa na kupashiwa moto vitu viwili au vitatu vikavu kutoka baharini. Cha kwanza ni kombu, mwani mpana na mnene unaovunwa hasa Hokkaido, kaskazini kabisa mwa Japani. Cha pili ni samaki mkavu. Kagawa hutumia iriko, ambao ni dagaa wadogo waliochemshwa na kukaushwa. Kwingine hutumia katsuobushi, samaki wa jamii ya jodari aliyefukizwa moshi na kukaushwa mpaka akawa mgumu kama ubao, kisha akarandwa vipande vyembamba kama karatasi.

Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo aligundua kwamba utamu wa kombu unatokana na glutameti, akaipa ladha hiyo jina la umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, akaonyesha kwamba katsuobushi nayo ina kitu chake, inosineti, ambayo imejaa pia kwenye dagaa wakavu. Baadaye ikathibitika kwamba vitu hivi viwili vikikutana kwenye sufuria moja ladha haijumlishwi tu, bali inazidishwa. Mpishi wa Kiswahili hahitaji maabara kulielewa hili: ndilo jambo tunalolisema tunaposema mchuzi umenoga. Mchuzi unaweza kuwa na chumvi ya kutosha na bado usinoge. Dashi hunoga bila tone la mafuta, bila nyanya, bila kitunguu cha kukaanga, na kwangu mimi hapo ndipo ulipo ustadi wa chakula hiki.

Iriko ni sawa na dagaa wetu?

Ni ndugu wa karibu sana. Iriko wanaosifiwa zaidi Kagawa wanatoka kisiwa kidogo cha Ibuki, katika eneo la mji wa Kan'onji. Boti huleta samaki ufukweni haraka, wanachemshwa papo hapo, kisha wanakaushwa. Sasa nenda Zanzibar ukaangalie dagaa wa baharini wanavyoandaliwa: wanachemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa juani. Spishi si ileile, lakini kazi ni ileile na kwa sababu ileile, kwamba dagaa asipochemshwa mapema huharibika, tumbo likapasuka na mchuzi ukawa mchungu.

Mara ya kwanza nilipopika dashi kwa dagaa wa Zanzibar nilikaribia kulia kwa furaha, kwa sababu harufu iliyotoka kwenye sufuria ilikuwa ya Takamatsu kabisa. Zingatia mambo mawili. Dagaa wetu wana chumvi zaidi, kwa hiyo waoshe upesi na upunguze chumvi kwenye mchuzi. Halafu wang'oe kichwa na utumbo mmoja mmoja, kazi ya dakika kumi ukiwa umekaa na bakuli mapajani, maana uchungu wote uko pale. Dagaa wa ziwani siwashauri kwa mchuzi huu: harufu yao ni kali, na wakiwa wameanikwa chini huja na mchanga.

Mwani wa Zanzibar unaweza kuchukua nafasi ya kombu?

Hapana. Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa aina nyingine na hununuliwa kwa ajili ya ute wake unaogandisha vyakula na vipodozi, haununuliwi kwa ladha. Ukikosa kombu, tumia uyoga mkavu wa shitake, au dagaa peke yao. Bora dashi ya dagaa watupu kuliko kulazimisha.

Kwa nini udoni umeshamiri Kagawa na si kwingine?

Kagawa ndio mkoa mdogo kuliko yote Japani kwa eneo, upo kisiwa cha Shikoku, na unapakana na bahari tulivu iliyozungukwa na visiwa. Mvua ni chache. Mpunga unahitaji maji mengi, kwa hiyo wakulima walichimba mabwawa kila mahali, na baada ya mavuno ya mpunga walipanda ngano. Chumvi ilivunwa ufukweni, hasa Sakaide. Sosi ya soya ilipikwa kisiwa cha Shodo. Dagaa walikuwa Ibuki. Ukihesabu utaona kwamba mkoa mmoja ulikuwa na karibu kila kinachoingia bakulini, ila kombu, ambayo ililetwa na meli za biashara kutoka kaskazini.

Wenyeji husimulia kwamba mtawa Kukai, aliyezaliwa huko na ambaye mwaka 821 alisimamia ukarabati wa bwawa kubwa la Manno, ndiye aliyeleta ujuzi wa udoni kutoka China. Hiyo ni simulizi, ichukuliwe kama simulizi, ila bwawa lipo mpaka leo. Ukweli mwingine ambao wenyeji hawaufichi: sehemu kubwa ya ngano ya udoni wa leo inatoka Australia, ingawa Kagawa wamezalisha mbegu yao wenyewe na kuipa jina la Sanuki no Yume, yaani ndoto ya Sanuki. Sanuki ndilo jina la kale la mkoa. Tarehe 2 Julai ni siku ya udoni, ikitokana na desturi ya kula udoni baada ya kazi nzito ya kupandikiza mpunga.

Nilikula udoni Tokyo, mchuzi ulikuwa mweusi. Nilidanganywa?

Hukudanganywa. Mashariki hupenda katsuobushi nyingi na sosi ya soya nyeusi, wakati magharibi, kuanzia Osaka na Kyoto mpaka Kagawa, hupenda dashi itawale na sosi ibaki nyuma. Tofauti hii ni kubwa kiasi kwamba udoni wa papo hapo wa Donbei, ule wa kumwagia maji ya moto, uliotoka mwaka 1976, huuzwa kwa mapishi mawili, moja la mashariki na moja la magharibi.

Hapa kuna mtego. Sosi ya magharibi huitwa usukuchi, na maarufu zaidi hutoka Tatsuno katika mkoa wa Hyogo. Rangi yake ni hafifu, lakini chumvi yake ni zaidi, takriban asilimia 18 hadi 19, wakati sosi ya kawaida nyeusi ina 16 hadi 17. Mchuzi mwangavu si mchuzi wenye chumvi kidogo. Macho yanakudanganya.

Bakuli moja lina lishe gani?

Kwa jedwali rasmi la vyakula la Japani, gramu 100 za udoni uliochemshwa zina kilokalori 95 hivi, wanga gramu 21 na ushee, protini gramu 2.6, na mafuta gramu 0.4 tu. Bakuli la kawaida lina tambi gramu 250 hivi. Piga hesabu: kilokalori karibu 240, wanga zaidi ya gramu 50, protini gramu 6 na nusu, mafuta gramu moja. Mchuzi unaongeza kilokalori thelathini au arobaini. Kwa mlo wa moto unaoshibisha, hiyo ni kalori kidogo.

Ila tazama kisichokuwemo. Nyuzinyuzi ni kidogo, vitamini ni kidogo mno, protini haitoshi mtu mzima kwa mlo. Kake udoni peke yake ni wanga na mchuzi mtamu. Yai moja linaongeza protini gramu 6. Tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) ya kukaanga, iliyochemshwa na sukari na sosi, ile ya kitsune udoni ya Osaka, inaongeza pia. Mimi hutia mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, unakubaliana na mchuzi huu kama vile umezaliwa Shikoku.

Basi ni chakula cha kupunguza mwili?

Kinaweza kuwa, lakini angalia unachokiweka juu. Kwenye maduka ya Kagawa ya kujihudumia, ukishapokea tambi unapita mbele ya trei za vitu vya kukaanga: kamba, viazi vitamu, kuku, mboga zilizoshikanishwa kwa unga. Kimoja tu cha hivyo kinaweza kuwa na kalori zinazokaribia za tambi zote, na kikizama kwenye mchuzi mafuta yanaelea. Hapo wepesi umekwisha. Sisemi usile, maana mboga za kukaangwa zikilowa nusu zina raha yake. Nasema usizihesabu kuwa nyepesi.

Nina presha. Ninywe mchuzi wote?

Usinywe wote. Tambi hutiwa chumvi nyingi wakati wa kukandwa, lakini karibu yote hutoka kwenye maji ya kuchemshia na ya kusuuzia, ikabaki gramu 0.3 hivi kwa kila gramu 100. Tatizo liko kwenye mchuzi. Bakuli zima pamoja na mchuzi huwa na chumvi gramu 4 hadi 6, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima.

Kuna njia mbili za kujisaidia. Moja ni kula tambi na kuacha nusu ya mchuzi, na Japani hakuna atakayekuona huna adabu. Ya pili naipenda zaidi: ongeza dagaa na kombu, punguza sosi. Mchuzi ulionoga sawasawa hauombi chumvi. Kata limau kidogo na pilipili, na utaona.

Na mwenye kisukari?

Hapa niseme wazi, kwa sababu sifa za udoni zimewafanya watu wausahau upande huu. Ni unga mweupe, ni laini, na huliwa haraka. Nimewaona wazee Kagawa wakimaliza bakuli kwa dakika tano bila kutafuna sana, kwani raha yenyewe wanasema iko kooni. Halafu wengi huongeza wali wa kufinyanga pembeni, sawa na mtu wa kwetu anayekula wali kwa chapati. Kagawa umekuwa miongoni mwa mikoa ya Japani inayosumbuliwa sana na kisukari, na serikali ya mkoa imekuwa ikiwahimiza watu waanze na mboga na wasichanganye wanga juu ya wanga.

Kwa hiyo chukua bakuli dogo, anza na mboga na yai, na ule polepole. Pima sukari yako baada ya saa mbili, kipimo chako kitakwambia zaidi kuliko mimi.

Ni halali?

Tambi zenyewe hazina neno. Maswali yako kwenye mchuzi. Wapishi wengi hutia mirini, kinywaji cha mchele cha kupikia chenye kileo cha takriban asilimia 14, na sosi nyingi za soya za Japani zina kileo kidogo kinachotokana na uchachu au kilichoongezwa ili isiharibike. Kamaboko, ule mkate wa samaki mweupe wenye ukingo wa waridi, nao mara nyingi hutiwa mirini au sake, pombe ya mchele. Udoni wa nyama huweza kuwa wa nguruwe.

Hukumu waulize masheikh wako. Ninachoweza kukwambia ni kwamba nyumbani hauhitaji hata kimoja kati ya hivyo. Mahali pa mirini naweka nusu kijiko cha sukari, na zipo sosi za soya zenye cheti cha halali. Nimewapikia wakwe zangu futari kwa namna hii na sufuria ilirudi tupu.

Nina mzio. Nijihadhari na nini?

Ngano iko kwenye tambi na pia kwenye sosi ya soya, kwa hiyo asiyevumilia gluteni udoni si wake. Mwenye mzio wa samaki ajue kwamba samaki yumo kwenye mchuzi hata kama haonekani, na asiyekula samaki aombe dashi ya kombu na uyoga, kama wanavyopika kwenye mahekalu ya Wabuddha.

Hatari kubwa kuliko zote ni soba. Hizo ni tambi za kijivu za nafaka nyingine kabisa, na mzio wake unaweza kuua. Maduka mengi huuza soba na udoni pamoja na kuzichemsha kwenye maji yaleyale. Uliza kabla hujakaa.

Ni kweli kombu ina madini joto mengi mno?

Kweli kabisa. Ni miongoni mwa vyakula vyenye madini joto mengi kuliko vyote duniani, na hutoka kwenye dashi kwa urahisi. Bakuli moja moja kwa mtu mzima mwenye afya si tatizo. Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, au mjamzito anayetaka kunywa dashi ya kombu kila siku, aongee na daktari. Mwenye jongo, ambao wengi huuita gauti, naye asizidishe mchuzi wa dagaa.

Mgonjwa na mtoto mdogo wanaweza kula?

Ndiyo, na hapa udoni hauna mpinzani. Japani mtu akishikwa na mafua au tumbo likimsumbua hupikiwa udoni ulioiva mpaka ukalegea, na watoto wanaoanza kula huupata ukiwa umekatwa vipande vidogo, bila sosi. Hauna mafuta ya kumchosha mgonjwa. Ila mtoto anayeonja ngano kwa mara ya kwanza mpe kidogo, umwangalie.

Koshi ni kitu gani?

Ni ule ukinzani wa tambi chini ya jino: nje laini na yenye kuteleza, katikati inasukuma kidogo kabla ya kukatika. Si ugumu wala si ubichi. Hupatikana kwa chumvi na kwa kukanda sana, ndiyo maana Kagawa donge hufungwa kwenye plastiki, likawekwa chini ya mkeka na kukanyagwa kwa miguu. Mafundi wa zamani walikuwa na kanuni ya kikombe: wakati wa joto kikombe kimoja cha chumvi kwa vitatu vya maji, wakati wa baridi kwa sita, siku nyingine kwa vitano. Joto hulegeza donge, chumvi hulikaza. Siku za Februari Dar es Salaam naielewa vizuri mno kanuni hii.

Usidhani kila Mjapani anatafuta koshi. Udoni wa Ise huchemshwa karibu saa nzima, unalainika kama mto.

Nipikeje kwa vitu vya sokoni?

Unga wa ngano gramu 300, maji gramu 140 yaliyoyeyushiwa chumvi gramu 15. Changanya, funga, kanyaga, kunja, kanyaga tena mara tatu nne. Laza saa mbili. Sukuma mpaka unene wa milimita 3, nyunyiza unga, kunja, kata kwa kisu. Chemsha kwenye maji mengi yasiyo na chumvi dakika kumi hadi kumi na mbili, kisha suuza kwa maji baridi ukizisugua kwa mikono mpaka ute wa unga uishe. Wengi huruka hatua hii ya mwisho na kulalamika tambi zimegandana.

Mchuzi: maji lita moja, dagaa waliosafishwa gramu 30, kombu gramu 10 kama unayo. Loweka usiku kucha. Asubuhi washa moto mdogo, toa kombu kabla maji hayajachemka, acha dagaa watokote taratibu dakika tano, uengue povu, chuja. Tia sosi kidogo kidogo ukionja. Usikoroge kwa nguvu, usifunike, mchuzi utachafuka.

Lazima nivute tambi kwa sauti?

Si lazima, lakini Japani si utovu wa adabu. Ukivuta, hewa inapoza tambi na kupandisha harufu ya dashi puani. Watoto wangu walijifunza siku hiyohiyo, mimi ilinichukua miezi.

Mabaki yanalala?

Mchuzi unalala siku mbili kwenye friji, tambi zitenge. Zikilala ndani ya mchuzi zinavimba, zinaunyonya wote, na asubuhi utakuta uji. Tambi zilizosuuzwa zifungie kwenye mafungu ya mtu mmoja mmoja na uzigandishe, kisha uzitumbukize kwenye maji yanayochemka dakika moja. Kombu iliyotumika ikate nyembamba uipike na sosi na sukari. Dagaa waliochujwa usiwatupe: wakaange na kitunguu, nyanya moja na pilipili, uwale na ugali jioni.